Mwalimu Mkuu wa Mikoko

Wananchi wote mnatangaziwa kuwa Wizara ya Hekima za Wenyeji imefanikiwa kugundua hekima. Imepatikana kwenye tope, nyuma ya kijiji kimoja cha pwani, ikitumika bila kibali.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi wa Urasimishaji, nami ndiye niliyetumwa kuikagua. Nilichokikuta ni hiki. Mtu akikamatwa amekata mkoko katika eneo lililofungwa, hapigwi wala hapelekwi polisi. Anafanywa mwalimu. Kila maji yakikupwa anasimama kwenye tope mbele ya majirani na watoto wao, anaeleza alikata nini na kwa nini, kisha anapanda mche na kuutunza mpaka umfike begani. Kabla ya hapo hashiki kazi nyingine, wala mikoko haikatwi. Mwalimu wa wakati huo alikuwa fundi mwashi aliyekata miti miwili ya kuezekea choo. Watu walimsikiliza kwa makini, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye semina zetu.

Kasoro zilikuwa wazi. Mwalimu hakuwa na cheo, darasa halikuwa na kiyoyozi, na hapakuwa na mgeni rasmi. Wizara ikaja na mkakati jumuishi: mikoko iliyobaki ifyekwe yote kupisha jengo la Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Mikoko, na nafasi ya Mwalimu Mkuu wa Taifa ishindaniwe kwa kigezo kilekile cha wenyeji. Aliyeharibu zaidi ndiye mwenye sifa zaidi.

Tuliwashirikisha wananchi, yaani nilipiga hodi kwa msimamizi wa darasa, bibi mmoja wanayemwita Mama Tope. Alikuwa anaosha kaa kwenye beseni. Kaa hao hutoka mikokoni, na ndio waliomlelea wajukuu. Aliposikia habari ya jengo, mikono ikamsimama.

"Mtafyeka yote?"

"Kwa ajili ya uhifadhi, mama."

"Na wajukuu zangu watakula nini?"

"Hilo liko awamu ya pili."

Akarudi kuosha kaa. "Na hiyo mila yetu, mnaichukua nzima au mnamega kipande?"

"Nzima, mama. Hatupunguzi hata nukta."

"Basi mwambie mkubwa wako akaseme hivyo redioni."

Mheshimiwa Waziri haombwi mara mbili kwenda redioni. Alisema siku hiyohiyo, na akarudia kwenye taarifa ya jioni.

Maombi yakamiminika. Mkurugenzi wa Barabara, ambaye kila tume iliyoundwa aliiapia kwamba hajawahi kufukia mkondo wa maji, alileta picha akiwa amesimama juu ya kifusi, anacheka. Mkurugenzi wa Mabwawa alikuja na mashahidi. Nusura washikane mashati kwenye korido, kila mmoja akidai mwenzake anajipachika uharibifu usio wake. Ndipo Mheshimiwa akafungua mlango wa ofisi yake.

"Acheni kunichekesha. Hayo yote nani aliyaidhinisha?"

Wakurugenzi wakaondoa maombi yao. Akapita bila kupingwa.

Aliapishwa palepale kwenye tope, mbele ya waandishi wa habari. Katapila la kufyeka lilikuwa linaunguruma pembeni, likisubiri hotuba iishe. Mama Tope akamkabidhi Mheshimiwa mche, kisha akamgeukia dereva.

"Zima hiyo, mwanangu. Mwalimu akishaanza kufundisha, hakuna kukata mpaka amalize."

"Namaliza saa ngapi?" Waziri akauliza.

"Mche ukikufika begani, baba. Na kabla ya hapo hushiki kazi nyingine. Kulala utalala kwako, usijali."

Mheshimiwa ni mrefu, na mkoko hauna haraka. Akanivuta kando. "Mila inasema hivyo?"

"Inasema, Mheshimiwa. Nawe ulisema nzima."

Kamera zote zilikuwa zinamtazama. Akamwashiria dereva, katapila likazimwa. Mama Tope akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono wala hakujificha.

Fundi mwashi akanyoosha kidole. "Mwalimu mwenzangu, mimi nilikata miwili ya choo. Wewe ulikatia nini?"

Waziri akaanza na maendeleo. Akapitia dira ya taifa, akagusia uwekezaji, akashukuru kamati ya maandalizi. Watu wakamsubiri.

"Ulikata nini, na kwa nini, baba," Mama Tope akasema kwa upole. "Hayo mengine baadaye."

Jasho likamtoka Mheshimiwa. Akatazama huku na huku, mpaka macho yake yakatua kwangu.

"Mimi nilitia sahihi tu," akasema. "Vibali vyote, tangu cha kwanza, aliviandaa huyu hapa. Mtaalamu wangu mahiri."

Katika utumishi wangu wote hakuwahi kunitaja hadharani. Nilijaa fahari, hata nikanyoosha tai.

"Kumbe!" Mama Tope akasema, huku akichagua mche wa pili. "Karibu, mwanangu. Vua viatu."