Ndani ya Kituo cha Video Fupi

Hotuba ya Mkurugenzi wa Maudhui, Jumamosi tarehe 12 Aprili, mbele ya Kituo. Ilipangwa kuanza saa mbili kamili. Ilianza saa nne na dakika ishirini.

Waheshimiwa mlioketi kwenye viti vya mito, waheshimiwa mlioketi kwenye viti vya plastiki, wakuu wa idara, makaimu wa wakuu wa idara na wale wanaowakaimu makaimu, Mkuu wa Chuo na walimu wako, wadau wote wa sekta ya picha jongefu, wazazi, wanafunzi, mwenye maikrofoni, mwenye jenereta, na ninyi mliosimama kwa hiari baada ya viti kwisha, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sikumtaja basi ajitaje mwenyewe kimoyomoyo nami nitahesabu kuwa nimemtaja.

(Makofi, sekunde nne.)

Nimesimama mbele yenu, na nyuma yangu mnauona ukuta huu wa buluu wenye madirisha sita, mlango mmoja wa mbao na bango lisemalo Kituo cha Umahiri wa Video Fupi na Maudhui Chanya, ambacho ni kitovu cha inovesheni, ni injini ya ekosistimu ya dijitali, ni platifomu shirikishi na jumuishi ya kuwajengea vijana uwezo, na ni wazo langu. Wazo hili nililipata mimi mwenyewe, nikiwa nimeketi, bila kusaidiwa na mtu.

(Makofi ya viti vya mito tu.)

Ndugu wananchi, leo hatukuja kuzindua. Tulikwisha kuzindua tarehe 9 Februari. Leo tumekuja kusahihisha upotoshaji, na upotoshaji una historia yake, nami nitaieleza kwa mpangilio wa tarehe, maana mtu asiyeweka tarehe ni kama mtu asemaye usingizini.

Yupo hapa binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni, ambaye wenzake wanamwita Kamera. Simama, binti, wakuone. Kaa, wamekuona. Mwaka jana mwalimu wake alimpa kazi ya utafiti juu ya video za mtandaoni, filamu fupi, na ufundi mmoja wanaouita kupindua tangazo. Ufundi wenyewe ni huu: unachukua tangazo la mtu, maneno yake huyagusi hata moja, unambadilishia picha tu, mpaka tangazo linasema lile lililokuwa likilificha. Ripoti yake ina kurasa arobaini na moja. Niliisoma mimi mwenyewe, jalada lote.

Alianza na tangazo la sabuni iliyodai kung'arisha kuliko jua. Sauti akaiacha ileile tamu, ila picha akaweka shati la babu yake likifuliwa mara saba na doa limekaa palepale kama mwenye nyumba. Video hiyo niliitazama ofisini nikacheka sana, kwa kuwa haikunihusu.

(Kicheko.)

Asanteni. Sasa tarehe 9 Februari nilifika hapa, nikakata utepe, nikafungua mlango huu, nikaingia ndani pamoja na ujumbe wangu wa watu wanane, tukakaa dakika sita, tukatoka, nikawatangazia wananchi kwamba nimeridhishwa sana na nilichokiona. Yote hayo yamo kwenye kumbukumbu. Wanafunzi wenzake walikuwa mbele, wakipiga makofi kama watoto wa watu. Yeye alizunguka. Sijui mtu anaalikwa vipi kwenye shughuli halafu anakwenda kukaa nyuma ya ukuta.

Tarehe 16 akaweka mtandaoni video ya dakika moja na sekunde arobaini, ambayo inadai kwamba nyuma ya mlango huu kuna nyasi, na kwamba mimi na ujumbe wangu tulisimama kwenye nyasi hizo dakika zote sita tukitazama saa zetu. Nasema kwa msisitizo kwamba video ile ni ya upande mmoja. Ni ya upande wa nyuma.

(Kicheko kirefu. Mtu wa nyuma kabisa: "Na kweli!")

Nashukuru kwamba mnakubaliana nami. Tusisahau pia kwamba hadi jana saa kumi na moja jioni video hiyo ilikuwa imetazamwa mara 214,306, na Idara yangu ya Takwimu imeishauri ofisi kwamba hao ni wananchi waliokitembelea Kituo kwa njia ya mtandao, bila msongamano, bila foleni, na bila lalamiko hata moja kuhusu vyoo. Nitajieni Kituo kingine chenye rekodi hiyo.

Lakini wapo wanaouliza, jengo limefikia wapi? Jengo limefikia asilimia themanini na tisa. Hesabu yake ni nyepesi. Upande wa mbele umekamilika asilimia mia. Pande tatu zilizobaki ziko kwenye mchakato. Ukichukua mbele, ukajumlisha mchakato, ukaongeza bango, utepe, kitabu cha wageni na mlinzi, unapata themanini na tisa, na asiyeipata arudie kujumlisha. Mlinzi wetu yuko hapa kila siku kwa saa kumi na mbili, na tangu aajiriwe hakuna mtu aliyewahi kupita mlango huu akaiba kitu.

(Mlinzi, karibu na mlango: "Aibe nini, mkuu?")

Mnasikia? Huo ndio uzalendo.

Kuhusu utepe, nimtambue fundi cherehani aliyeutengeneza, mama yule wa safu ya tatu mwenye mkoba mweusi, ambaye kwa bahati ndiye mama mzazi wa binti huyu. Aliushona kwa vifungo vya kubana katikati, ukipitisha mkasi vinaachia, ukimaliza unavibana tena. Nimeukata utepe huo katika miradi kumi na mmoja na bado mzima. Ule ndio utunzaji wa mali ya umma.

(Mama wa mkoba mweusi: "Baba, tuje kwenye cheti.")

Tunakuja, mama, subira huvuta heri.

(Mama: "Inavuta heri, lakini kazi inamngoja binti yangu mpaka Jumatatu tu. Jumatatu saa mbili asipokuwa na cheti mkononi wanamchukua mwingine. Leo Jumamosi, baba.")

Nalijua jambo hilo, na ndiyo sababu mimi ni mtu wa watu. Kwa faida ya wageni, cheti cha fani ya video hakitoki chuoni bila saini yangu, na saini yangu haitoki bila maadili. Tarehe 3 Machi nilimwandikia binti barua, nakala kwa Mkuu wa Chuo, nikamweleza kwamba cheti chake nimekishika mpaka atakapotengeneza filamu ya pili. Naomba ninukuu mwenyewe, maana niliandika vizuri: "Filamu hiyo ionyeshe kilicho ndani ya Kituo kwa ukweli, bila kuongeza wala kupunguza."

Tarehe 21 Machi alikuja ofisini. Nilimwacha barazani kwa muda wa saa tatu, ndio utaratibu, halafu nikamruhusu. Nikamwambia, "Wewe binti, wenzako wanapiga picha za harusi, wewe unanipiga mimi mgongo. Nimekukosea nini?"

Akasema, "Hujanikosea, mzee. Nilikuwa nafanya kazi ya darasani."

"Ulipata maksi ngapi?"

"Themanini na tisa."

Nikaona, kumbe huyu yuko sawa na jengo. Akaisoma barua yangu mara mbili, akaniuliza, "Kwa hiyo nionyeshe kilichomo, nisiongeze kitu?"

"Usiongeze, usipunguze, na ule mchezo wako wa kubadilisha picha na sauti sitaki kuusikia."

"Basi mimi sitaweka sauti kabisa," akasema. "Filamu iwe kimya. Sauti iwe yako, uisome mwenyewe siku hiyo mbele ya watu."

Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwa adabu, mikono nyuma, "Mzee, hakuna mtu anayekielezea Kituo hiki kama wewe."

Ndugu wananchi, kijana akishalitambua hilo, amepona.

(Makofi. Wanafunzi wanasimama kupiga makofi. Mkuu wa Chuo anainamisha kichwa.)

Sasa tunaingia kipengele cha sita cha ratiba, Mkurugenzi kusaini cheti, na baadaye kipengele cha saba, filamu. Katibu wangu hapa ananinong'oneza tuitazame filamu kwanza ndipo nisaini. Katibu, ratiba imepigwa muhuri. Sita hutangulia saba tangu enzi za mababu zetu. Kalamu. Siyo hiyo, ile ya wino.

(Mkurugenzi anasaini. Binti anapokea kwa mikono miwili na kumpa mama yake. Mama anasoma saini, anakunja cheti kwenye kitambaa, anakitia mkobani na kuvuta zipu. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie.")

Amina. Kipengele cha saba. Filamu itaonekana kwenye runinga kubwa nyuma yangu, nami nitasoma maelezo yaliyoandaliwa na ofisi, nikiwatazama ninyi usoni kama adabu inavyotaka, sitawapa mgongo. Naambiwa tuko mubashara na watu elfu sita na mia nne wanatutazama. Karibuni ndani ya Kituo. Washa.

(Runinga inawaka. Unaonekana mlango wa buluu ukifunguliwa polepole. Nyuma yake, nyasi.)

Mkiingia, kitu cha kwanza kuwapokea ni mapokezi ya kisasa, yenye sakafu inayong'aa na mhudumu mwenye bashasha.

(Kwenye runinga: kuku mwenye vifaranga sita anapita. Kicheko, safu zote.)

Naona mmefurahi, na bado. Kushoto kwenu ni ukumbi wa uhariri wenye kompyuta arobaini, zote zimeunganishwa, zote zinafanya kazi kwa pamoja, na hewa yake hupozwa kwa mitambo.

(Kwenye runinga: kamba ya nguo imefungwa kutoka ukuta wa mbao hadi kwenye mti. Soksi za mlinzi zimeanikwa, zinapepea. Kicheko. Mlinzi: "Zile nyeusi nilizitafuta wiki nzima.")

Hapa katikati ni studio ya sauti, ambayo imejengwa kitaalamu kiasi kwamba kelele ya nje haiingii kabisa, ukisimama ndani yake husikii chochote.

(Kwenye runinga: wachezaji wa mpira wanafanya mazoezi, mmoja anakuja kuchukua mpira uliogonga ukuta. Kicheko, watu wanashikana mabega.)

Katibu ananipa kikaratasi. Mimi ni muwazi, kila kikaratasi nakisoma mbele ya umma. Kinasema, "Mheshimiwa, acha kusoma." Hilo litajibiwa kwenye maswali na majibu, kipengele cha kumi na moja. Tuendelee. Juu ni ghorofa ya pili, maktaba ya filamu fupi, na kutoka pale mandhari ni ya kuvutia.

(Kwenye runinga: mbingu. Wingu moja.)

(Wanafunzi wanashindwa kupiga makofi kwa kucheka. Mzee mmoja wa kiti cha mto anafuta machozi kwa tai yake.)

Ndugu zangu, nimehutubia miaka kumi na saba, sijawahi kupokelewa hivi. Kikaratasi cha pili. "Mheshimiwa, geuka." Nigeuke niende wapi? Namalizia. Na mwisho kabisa wa Kituo, kwenye ofisi ya heshima, utamkuta kiongozi mwenye maono, amesimama imara, akiangalia mustakabali wa vijana.

(Kwenye runinga: Mkurugenzi mwenyewe, tarehe 9 Februari, amesimama nyasini na ujumbe wake. Anatazama saa. Anainua mguu, anakagua soli ya kiatu. Anatazama saa tena. Uwanja mzima unamwonyesha runinga kwa kidole. Mkurugenzi anageuka, anatazama sekunde kumi na moja.)

Yule ni mimi.

(Binti anaitikia kwa kichwa.)

Suti ile ya kijivu imenikaa vizuri.

(Mtu wa nyuma: "Imekukaa kabisa, mkuu.")

Asante. Sasa... ndugu wananchi, hizo ni changamoto za kiufundi, na changamoto ni fursa. Binti, umeongeza kitu wewe?

(Binti, amesimama: "Sijaongeza, mzee.")

Umepunguza?

("Sikupata cha kupunguza.")

Vyema. Nimeshauriwa hapa na Katibu kwamba, kwa ajili ya uhakiki tu, kile cheti kilichosainiwa katika kipengele cha sita kirudishwe mezani kwa dakika mbili. Mama mwenye mkoba mweusi. Mama wa safu ya tatu.

(Kiti cha nne, safu ya tatu, ni kitupu. Jirani yake: "Kaondoka mlipofika kwenye studio, baba. Kasema anawahi kufungia cheti sandukuni.")

Basi. Kilichosainiwa kimesainiwa, na ratiba ni ratiba. Naomba sote tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema "Kituo", mnaitikia "Kimo ndani". Kituo.

(Umati, kwa sauti moja: "Nyasi.")

Mmekaribia. Maudhui chanya.

("Nyasi.")

Vijana na teknolojia.

("Na kuku.")

Kwa ari hiyohiyo, nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru waliotuazima runinga na waliotuazima jenereta. Namshukuru nahodha wa timu ya mpira aliyetuachia uwanja huu mpaka saa sita, kwa kuwa saa sita na nusu wana mechi na goli moja linakaa hapa uliposimama mlango. Naishukuru Idara ya Afya kwa kutuazima ukuta huu, na nawaomba mafundi muufungue taratibu, mlegeze skrubu kuanzia juu, msikwaruze rangi, na bango mlivue kwa mikono, maana kesho saa nne asubuhi nauzindua kule ng'ambo ya mto ukiwa zahanati. Mlinzi, twende wote kwenye lori. Na soksi zako uzikumbuke.

Binti, kesho usije.

(Binti: "Nitakaa mbele, mzee.")

Asanteni kwa kunisikiliza.