Migomba Miwili Langoni

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu ambao hata chafya ningeibana mbele yao. Nawaandikia kutoka kafe ya intaneti mjini. Nyumbani nimetoroka.

Niwaeleze polepole, maana mimi bila kueleza siwezi.

Mnaukumbuka ua wetu wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, kule nyumbani Carama? Mtaa mzima tuliambiwa tukate ua hadi magotini, wenye bunduki wasipate pa kujificha. Tukakata. Nyumba ikabaki uchi. Na leo asubuhi baba mdogo wa Zuhura, mchumba wa mwanangu Hamisi, na shangazi yake walikuwa wanakuja kuona nyumba atakayoishi mtoto wao. Wakiridhika, Hamisi wangu anapewa mke. Wasiporidhika, basi.

Nikachagua mimea kwa akili. (Mnanijua.) Kando ya baraza, maua mafupi. Nyuma yake mchaichai, unanukia. Langoni nilitaka kitu kirefu, cha kupendeza leo leo, lakini kisichoficha mtu. Nikaleta migomba miwili mikubwa na majani yake, nikaipanda mmoja huku, mmoja kule. Juu nikafunga makuti ya mchikichi kama upinde. Nikarudi nyuma, nikajisifu! Hata nikamweleza jirani mpita njia namna ya kuchimba shimo.

Hakuuliza lolote kuhusu shimo. Alitazama lango, akaondoka mbio.

Wenzangu, hapa kwetu migomba miwili langoni maana yake nini? Harusi! Mtoto mdogo anajua. Mimi nilikuwa nawaza kivuli. Na siku hizi za vita harusi hufungwa harakaharaka, kabla ya saa ya kujifungia ndani. Nani anangoja kadi?

Kwanza akaingia Mama Odeta, jirani yetu Mkongo, na sinia la sambusa, vigelegele hadi barabarani.

"Mama Hamisi, we mubaya! Unaoza mutoto na mi siambiwi?"

"Apana, dada, ni bustani!"

"Bustani ya viti?"

Kweli, nyuma yake fundi wa magari alikuwa anashusha viti. Ngoma ikafuata. (Ya nani, sijui mpaka sasa.) Hamisi akatoka ndani kuuliza kelele za nini, amevaa kanzu mpya aliyoshonesha kwa ajili ya wageni. Vigelegele vikaongezeka!

Ndipo wageni wenyewe wakafika. Wakasimama katikati ya migomba yangu. Mama Odeta akawakimbilia na sinia.

"Karibuni, karibuni! Bwana harusi ndiye huyu. Bibi harusi hatujamuona bado!"

Shangazi akashika kifua. Baba mdogo akanigeukia taratibu.

"Mama, Hamisi anaoa leo. Anaoa mutoto wa nani?"

Nikaanza kueleza. Nikaanzia kwenye miyenzi. Nilipofika kwenye mchaichai, walikuwa wameshageuka.

Hamisi akawafuata mbio, kanzu ameikunja mkononi, anaapa kwa Mungu barabara nzima. Amerudi na jibu: watakuja tena Ijumaa, lakini kwanza migomba ing'oke.

Imeng'oka. Sambusa majirani wamezila. Hamisi hasemi nami, anazungumza na mchaichai.

Basi mkicheka, chekeni hukohuko mliko. Na siku ya harusi ikifika, inshallah, nyumba yetu hamtaikosa: ni ile isiyo na mgomba.