Naomba Kuandikwa Mgeni Nyumbani Kwetu

Karakana ya Makaa Mbadala,
Nyuma ya mashine za mbao.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kuvutia Wawekezaji,
Ghorofa ya juu kabisa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA UENYEJI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na kiyoyozi chako. Najua mimi ni dada yako, tumbo moja, na ningeweza kukueleza haya Jumapili unapokuja kumsalimia Mama. Lakini Jumapili unakuja na simu mbili, zote zinaita, na ukimaliza kusema ndiyo mheshimiwa, chai imeshapoa na dereva ameshawasha gari. Kwa hiyo nimeona nifuate utaratibu. Nimenunua bahasha. Humu ndani nitakuita Ndugu Mkurugenzi, na lile jina la Kibonge sitalitaja hata mara moja, isipokuwa hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi yako imeniandikia kwamba uwanja wenye karakana yangu umetengwa kwa ajili ya mwekezaji kutoka nje, atakayejenga kiwanda cha makaa mbadala, na kwamba mimi na wanawake wenzangu wanne tuwe tumeondoka mwisho wa mwezi. Kwa asiyejua (maana barua za ofisini husomwa na wengi kabla ya mwenyewe), karakana yangu inatengeneza makaa mbadala. Tunachukua vumbi la mbao na vipande ambavyo maseremala wangevitupa mtaroni, tunavichoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka viwe vyeusi, tunasaga, tunachanganya na uji wa wanga, tunashindilia kwa mashine ya mkono, tunaanika juani. Hakuna mti unaokatwa. Huyo bwana anakuja kufanya kitu hichohicho, ila chake kwenye karatasi zako kinaitwa maendeleo endelevu, na changu kinaitwa shughuli zisizo rasmi nyuma ya mashine za mbao.

Simlalamikii mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nimekaa mkao wa kupona tangu ofisi yako ilipofunguliwa. Ninaoulalamikia ni uenyeji wangu. Umenitia hasara kubwa, na naomba uondolewe. Sababu ni hizi:

1. Umeme. Nimeomba umeme wa viwandani miaka na miaka, na kila mara nimejibiwa kwamba nguzo hakuna. Mgeni wako hajalala hapa hata usiku mmoja, nguzo zimekuja. Zimesimikwa mpaka kwenye kona ya uwanja, waya umepita juu ya paa langu, na ndege wanautumia kupumzikia. Mimi bado nashindilia kwa mkono. Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, hata fundi cherehani amelizoea, ananikatia magauni upande upande. Shuleni tulifundishwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Nimecheza, Ndugu Mkurugenzi, na nilichotunzwa ni bega.

2. Fundi Bati. Huyu unamfahamu, maana ndiye aliyekuokoa siku uliponasa kichwa kwenye uzio wa jirani. Ndiye aliyeibuni mashine yangu na kuiunda kwa vyuma chakavu, na kidole gumba chake kikapondeka na kubaki bapa kama kijiko. Alikuja ofisini kwako na mchoro wa mashine kubwa zaidi, akaomba kusikilizwa. Akaambiwa njoo kesho. Kesho yake akaambiwa mhusika yuko semina. Semina yenyewe, nimeambiwa, ilihusu namna ya kuwatambua wabunifu. Benchi la ukumbini kwenu lilimtoboa suruali, kisha siku moja hakuja tena. Tulisikia amevuka mpaka, na hadi leo hatujui kama anakula au analala njaa. Nimeulizia jalada lake, nikaambiwa limefungwa kwa maneno haya: mwombaji amekosa uvumilivu.

3. Ajira. Hotuba yako ya redioni ilisema mwekezaji ataleta ajira. Nilifurahi, nikaongeza sauti. Baadaye kijana wako mmoja akapita kuwaandika majina wale wanawake wanne, kwamba wao ndio watakaoajiriwa kwanza, kwa kuwa kazi wanaijua. Sasa nimekaa nikafikiri. Wanne wanatoka kwangu, wanne wanakwenda kwake, naye amesamehewa kodi kwa sababu ya hao wanne. Mimi niliyekuwa nao siku zote nililipa kodi, na kodi hiyo nadhani ndiyo iliyonunua nguzo. Hesabu si somo langu, wewe ndiye ulikuwa unapewa zawadi, basi nisaidie.

4. Siku ya msafara. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha.

Asubuhi ile walitangulia watu wa ofisi yako, wakatuomba, kwa adabu, nakiri, tuondoe magunia, tuzime pipa, na tukae nyuma ya ukuta kwa jirani yetu Fundi Friji mpaka msafara upite. Nikauliza kulikoni. Wakanieleza kwamba mwekezaji ameahidiwa soko ambalo halijaguswa na mtu, na bahati mbaya sisi tumeligusa. Basi tukahama na magunia yetu, tukawa tunachungulia kwenye tundu la ukuta. Nikakuona, mdogo wangu. Umevaa kofia ngumu ya njano, unapunga mkono juu ya uwanja wangu uliofagiwa na wanawake wangu, na unamwambia mgeni kwamba hapa, bwana, hakuna kitu. Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Siku hiyo ulisimama wima kabisa, juu ya mahali ninapoanikia.

Kisha msafara ukaenda kula. Mpishi wa ofisi yako ni mteja wangu, na chakula chote kilipikwa kwa makaa yangu, kwa sababu hayatoi moshi na mheshimiwa wenu ana kifua. Mpishi ameniapia kwamba mgeni aliuliza imekuwaje jikoni hakuna moshi. Nawe ukamjibu kwamba hayo ndiyo mazingira yetu mazuri ya uwekezaji.

5. Vikombe. Nilipofuata maelezo ofisini, mlinzi aliniambia mama, leo kuna ugeni, pita mlango wa jikoni. Huko nikaona trei ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ikipandishwa juu. Mimi nilinywa maji ya bomba kwa kiganja. Sina zaidi kuhusu hili.

6. Nimejiandaa. Usidhani naomba mambo mikono mitupu. Tangu juzi nimehamia nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara, chumba chenye dirisha linalotazama karakana, ili anwani yangu isiwe ya hapa. Mume wangu alinuna kwanza, lakini sasa amekubali kwamba tukikutana barabarani ataniinamishia kichwa na kuniuliza nimeionaje nchi. Nimeazima begi la magurudumu na nalikokota kwenda sokoni na kurudi. Nimejifunza pia kusema kidogo. Nilimtazama mgeni wako vizuri kwenye lile tundu: anatamka neno moja, anaangalia mbali, na watu wote wanaandika. Mimi husema mpaka koo linakauka na hakuna anayetoa kalamu. Na kwa kuwa mgeni hakosi mkalimani, Fundi Friji amejitolea. Nitasema Kiswahili, naye atakirudia kwa Kiswahili hichohicho, ila polepole na akiwa amevaa tai. Tunaamini kwa njia hiyo ofisi yako itaelewa.

7. Faida kwa taifa. Ukiona jambo hili limenifaa mimi, usiwanyime wengine. Napendekeza asubuhi moja watu wote tuvuke mpaka, maseremala, washonaji, wakulima, wauguzi, mpaka mlinzi wako. Tukae upande wa pili mpaka jua la utosi, kisha turudi tukikokota mabegi. Jioni hiyo utakuwa umepokea wawekezaji wengi kuliko nchi yoyote duniani, wote wanaijua ardhi, wanaijua lugha, na hawahitaji kuonyeshwa choo kilipo. Kuna kasoro moja tu. Hatakuwapo mwenyeji wa kutupokea. Tumekujadili hapa karakana, tukakubaliana ubaki wewe. Utasimama uwanja wa ndege peke yako na shada la maua. Na kwa kuwa utakuwa mwenyeji pekee aliyebaki, nakushauri mapema: usije ukaomba umeme.

Ndugu Mkurugenzi, nimejaribu kuandika kama mtu wa ofisini lakini moyo unanishinda. Nimeumia. Uwanja ni uwanja, mtu huhama akajenga pengine. Kilichoniuma ni lile neno lako, hakuna kitu, wakati mimi nilikuwa nyuma ya ukuta napumua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; ndivyo Mama alivyotulea. Sasa mgeni siku ya tatu amepewa uwanja, na jembe nimebaki nalo mimi. Kama kuwa dada yako kunanifanya nisionekane, basi niandike mgeni, unione.

Wasalimie wote hapo ofisini: katibu wako mwenye kikohozi, mpishi, na mlinzi, mwambie mlango wa jikoni nimeuzoea. Msalimie mwenzio na watoto. Benchi la ukumbini nalo lipe salamu za Fundi Bati.

Wako katika ujenzi wa taifa, kutokea nyuma ya ukuta,

Mama Makaa
(Dada yako mkubwa)

Nakala: Mama (asomewe taratibu, kipengele cha nne kirukwe).

Nyongeza:

Bahasha nilikuwa nimeshailamba, imebidi niichane. Nilikuwa nimevuka barabara mara moja kurudi nyumbani kumpa Mama dawa zake, nikasikia hodi. Alikuwa mgeni wako. Amekuja peke yake, kwa miguu, bila kofia ya njano. Alikuwa amerudi kumbana mpishi kuhusu ule moshi, na mpishi akamwonyesha njia. Tena Kiswahili anakijua, cha kubabaisha lakini kinatosha. Anasema kwenu hakuna aliyemuuliza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojiaibisha. Mimi niliyekuandikia habari za vikombe, nilijikuta nimefungua kabati la Mama na kutoa vile vikombe vya kioo ambavyo wewe na mimi hatujawahi kuvinywea tangu tuzaliwe. Nilimwinua mume wangu kwenye kiti chake. Fundi Friji alitokea mlangoni na tai yake, tayari kwa mazoezi ya ukalimani, na mimi, kwa kinywa hiki, nikamwambia kuna ugeni, aje kesho. Aliniangalia, akageuka akaenda zake. Mama akacheka kimyakimya. Kwa hiyo niliyoyasema juu yako hapo juu yagawe mawili, nusu nirudishie.

Mgeni alikunywa chai, akaingia karakana, akaishika mashine. Kisha akaniambia mashine hii anaijua. Kwao, nchi si ya mbali sana, naye alikuwa na karakana ya makaa. Aliomba umeme mpaka akachoka. Ofisi ya kwao, ambayo mkubwa wake ni binamu yake, ilimwambia njoo kesho mpaka kesho zikaisha, na mwishowe uwanja wake ukapewa mwekezaji kutoka nje, fundi mmoja aliyetua na mchoro wa mashine kubwa, akapokewa kwa maua na ngoma. Ndipo naye akasema, kumbe dawa ni kuwa mgeni, akaja kwetu. Anasema hakujua kama nyuma ya ukuta kulikuwa na watu. Nimemwamini, maana aliinama alipokuwa akisema.

Akanionyesha picha kwenye simu, ya huyo mwekezaji aliyemtoa kwao. Amevaa koti, ana shada shingoni, anakata utepe. Sikumjua kwa sura, amenenepa. Nilimjua kwa kidole gumba kilichoshika mkasi, bapa kama kijiko.

Fundi Bati anakula, mdogo wangu. Anakula vizuri. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia kidogo, sikufichi. Kumbe bara zima tunapokezana mafundi, kila mmoja anamfukuza wa kwao na kumtandikia zulia wa mwenzake.

Tumempigia simu palepale. Anatafuta mtu wa kusimamia uji, maana huko wanaukoroga mwepesi na makaa yanamomonyoka. Huko nguzo zimeshasimama, na zina umeme. Kwa hiyo ombi langu la hapo juu nalifuta lote, usinitoe uenyeji, nimeshajitoa. Mgeni atabaki na karakana pamoja na wanawake wangu wanne, na Fundi Friji nimekwenda kumwomba radhi kwake. Mume wangu atanifuata akimaliza kununa. Begi la magurudumu nimemwomba mwenyewe aniuzie kabisa.

Mama anabaki kwako. Dawa ni asubuhi na jioni, na chai hanywi ikipoa, kwa hiyo hizo simu utajua la kufanya nazo. Vikombe vya kioo nimevifunga kwenye boksi nikakuwekea. Mnywee.

Siku nikirudi nitakuwa mwekezaji. Najua utakuja uwanja wa ndege, ndiyo kazi yako. Maua usihangaike nayo, Kibonge. Njoo na Mama.