Idara Imekua, Mimi Nimeumbuka

Ndugu Mhariri wa Jarida la Chuo,

YAH: KUOMBA SIFA ZA IDARA YA UHANDISI ZIPUNGUZWE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mitambo yako ya kuchapia. Mimi ni mhadhiri katika Idara ya Uhandisi, ile mliyoiweka ukurasa wa mbele toleo lililopita, chini ya kichwa "Idara Yapaa". Sikatai hata neno moja. Ni kweli tulianza na korido moja na karakana yenye mashine ya kukereza vyuma iliyonguruma bila kukereza chochote. Ni kweli leo tuna jengo la ghorofa tatu, maabara ya maji, kozi mpya ya umeme wa jua, na wanafunzi waliowabwaga wenzao wa vyuo vingine kwa pampu waliyoiunda kwa mikono yao. Yote mliyoandika ni sahihi, na hapo ndipo masaibu yangu yalipoanzia. Naomba niyapange.

1. Picha. Yule mwanamume mwenye kitambi na tai, aliyenyoosha kidole karibu na pampu, ni mimi. Mmeandika chini yake: "Mtaalamu wa pampu akitoa maelekezo kwa wanafunzi." Ndugu Mhariri, nilikuwa natafuta kiti. Wanafunzi wameongezeka mpaka wanabeba viti vya ofisini kwangu, nami niliingia karakana nikanyoosha kidole kuuliza, "Hiki kina mwenyewe?" Nimefundisha nadharia ya mwendo wa maji tangu nikiwa na nywele, lakini maji yenyewe nimezoea kukutana nayo kwenye glasi.

2. Mama mkwe wangu anasoma jarida lenu. Alinikata kwa mkasi, akanibandika sebuleni kwake, ukutani ambapo katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kukaribishwa hata kwa fremu ndogo. Kisha akapiga simu. "Mkwe wangu, pampu ya kisima imegoma. Nilitaka kumwita fundi, nikasema, nitamwitaje fundi na nyumbani tuna mtaalamu?" Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Kilichotoka ni: "Nakuja Jumamosi, mama."

Hapa lawama nawapa ninyi, maana mimi nisingeweza kujisingizia utaalamu bila msaada wa wapiga chapa.

3. Jumamosi yenyewe. Nilikuta viti vimepangwa kuzunguka kisima kama kuna arusi. Shemeji yangu, yule aliyemwambia dada yake zamani kwamba anaolewa na chaki, amekaa mbele kabisa. Nikavua koti. Nikafungua kila kilichokubali kufunguka. Nilipofunga nikabaki na mpira mmoja mweusi wa mviringo usio na pa kwenda, nikautia mfuko wa shati kama mtu anayejua sababu. Tukawasha. Pampu ikanguruma, lakini maji hakuna.

"Inanguruma vizuri," shemeji akasema.

Mama mkwe akamkemea: "Mwache! Mkwe wangu anafikiri."

Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nalitazama geti. Mke wangu akaniletea maji ya kunywa, maji ya kuombwa kwa jirani, akaniinamia sikioni. "Mpigie mtu," akasema, kwa upole wa mwanamke aliyekuwa akijua tangu kabla ya posa. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala kumpenda kama siku ile.

4. Nikampigia binti wa mwaka wa nne, kiongozi wa kundi lililoshinda. Hapa naishtaki idara moja kwa moja, kwa kuzalisha wanafunzi wenye adabu. Angenicheka, ningekasirika, na jambo lingeishia hapo. Hakucheka. Alifika, akaweka begi la vifaa chini, akaifungua pampu, akachungulia. "Mwalimu, hapa palikuwa na mpira?" Nikautoa mfukoni kama mtu aliyekuwa akimtunzia. Akaurudisha mahali pake. Badala ya kuwasha, akafunga jiwe kwenye kamba akaliteremsha kisimani. Kamba ikaenda, ikaenda.

"Maji yameshuka sana, Mwalimu. Pampu iko juu mno."

"Una uhakika?"

"Si ulitufundisha mwenyewe, mwaka wa pili? Pampu haivuti maji. Hewa ndiyo inayoyasukuma, na nguvu yake ina mwisho."

Ndugu Mhariri, sentensi hiyo nimeisoma kwa imla kila mwaka. Nimeitungia mitihani. Nimewakata alama walioisahau. Lakini nilikuwa sijawahi kukutana nayo ana kwa ana, tena mbele ya wakwe.

Binti akanikabidhi kipande cha boksi na kalamu. "Tupigie hesabu, tuishushe mpaka wapi?" Mkono ukaanza wenyewe. Nikatoa msuguano wa bomba, nikaacha nafasi ya kiangazi kikali, nikasema: kwenye ngazi ya pili ya zege mle kisimani, siyo ya kwanza. Binti akazima umeme, shemeji akafungwa kamba akashuka, pampu ikamfuata. Ilipowashwa ikakohoa tope, ikakohoa tena, kisha maji yakaja meupe. Mama mkwe akayapokea kwa viganja viwili, akanawa uso palepale, na kitambaa chake cha kichwani kikalowa, wala hakujali. Kutoka chini shemeji akapaza sauti: "Hapo sasa, shemeji! Hapo sasa!" Niligeuka pembeni kufuta miwani. Miwani haikuwa na kitu.

5. Kwa hiyo naona hatari mahali ambapo ninyi mnaona maendeleo. Zamani mwanafunzi alikariri, akafanya mtihani, akasahau, na sote tukaishi kwa amani. Sasa wanatumia tunachowafundisha, bila hata kutuonya! Juzi nilitaja viungo vya mabomba kwa kupita tu, mabinti watatu wakatoka kwenda kuvijaribu. Inanibidi nisome upya kabla ya kila kipindi. Kwa umri huu.

Basi naomba yafuatayo: mchapishe masahihisho kwamba mtaalamu wa pampu alikuwa mtafuta kiti, mumshauri Mkuu wa Idara ile mashine mbovu irudishwe, tena iwekwe mlangoni, wageni watuone tulivyo, jengo lipunguzwe ghorofa moja, ikiwezekana ya juu, nilipo mimi, na idara nzima ipewe likizo ya mafanikio hadi nitakapostaafu.

Wasalimie wote hapo ofisini, wapangaji kurasa na msomaji prufu. Msalimie na mpiga picha pia. Hana kosa, nilisimama mwenyewe.

Ni mimi, niliyekosewa kwa kusifiwa,
Mhadhiri, ghorofa ya tatu, mlango usio na kiti.

Tanbihi: Barua hii isichapishwe kwanza. Yule binti amepiga simu kabla sijaituma. Kuna zahanati ambayo kisima chake kinasumbua, na kundi lao linataka mtu wa mahesabu. Nimemjibu kwa sauti nzito kwamba nitaangalia kama nina nafasi, kisha nikashuka ngazi mbiombio kwenda kununua ovaroli. Ni ya bluu. Mikono ni mirefu kidogo, lakini muuzaji kaniambia mikono ya ovaroli hukunjwa. Nimeshaikunja.