Malalamiko Kuhusu Gia Isiyoonekana na Sufuria Isiyosuguliwa

Kwa Mhandisi Parafujo,
Chumba cha Mashine Ndogo Kupita Kiasi.

Mheshimiwa mjukuu wangu,

YAH: KUACHA KAZI YAKO NA KURUDI KWENYE MEZA YA CHEREHANI

Miezi minane hujakanyaga hapa. Kiti chako amekikalia paka mpaka kimeshika umbo lake, na asubuhi namsalimu yeye kwa jina lako. Simu unapiga, sikatai, lakini simu hainywi chai wala haioshi kikombe. Ndiyo maana naandika barua ya kiofisi, huenda mtu wa ofisi akaijibu. Anayeshika kalamu ni mama yako, kwa kuwa mimi na kalamu hatujawahi kutambulishwa. Ameapa kuandika kila ninalotamka, hata yale yanayomsema yeye.

Unajua macho yangu yamechoka. Nimetengeneza cherehani za watu miaka arobaini na sita, na leo tundu la sindano nalitafuta kwa kupapasa. Meza yangu inataka fundi kabla mwaka haujaisha, na fundi huyo nilimlea mwenyewe. Ni wewe, uliyekuwa unalala na parafujo mkononi mpaka tukakubandika jina. Badala yake umekwenda kubuni gia za mashine kwa mirija ya kaboni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gia yako haionekani. Ulisema mirija hiyo ukiipanga hamsini elfu, ubavu kwa ubavu, ndipo unapata upana wa unywele mmoja. Niling'oa unywele, mweupe, mnene, nikaukodolea macho tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Gia sikuiona, nilichoona ni uzee wangu. Fundi suti wa mlango wa pili akaniuliza kama mjukuu wangu anamshonea chawa suruali. Nikamjibu kwamba chawa angalau ana kiuno, kuliko suti aliyomshonea bwana harusi wa juzi. Tangu hapo hatusemezani, na lawama ni yako.

2. Gia yako hainywi mafuta. Ulisema mrija mmoja unateleza ndani ya mwenzake bila tone, tena bila kelele. Mashine isiyolia siiamini. Cherehani ikikauka inalia, ikikwama inalia, ndivyo unavyojua inaumwa wapi. Hiyo yako ikipatwa na jambo itamwambia nani?

3. Hili mama yako hakutaka kuliandika, nimemkazia macho. Mjomba wako alipokuomba aishike hiyo gia walau mara moja, ulimjibu bila haya kwamba haijatengenezwa. Iko kwenye kompyuta, na mnapiga hesabu kwanza muone kama itazunguka. Kumbe si kwamba ni ndogo, haipo. Na mimi nilikuwa nimeshawatangazia wateja wote kwamba tatizo ni udogo. Kwetu mtu anayekaa miaka mitatu na mashine ambayo haipo hatumwiti mhandisi, tunasema hana wateja.

4. Na hiyo ambayo haipo, nayo ni mbovu. Ulikiri kwa kinywa chako. Mrija mmeupandikiza meno kiunoni, mkauweka mwingine pembeni, ukizungushwa polepole meno yanashikana, ukikurupushwa yanateleza na gia ya pili inabaki kushangaa. Yaani kutengeneza bado, kuharibu tayari. Mke mwenzangu, hata mimi sijawahi kurudisha cherehani mbovu ambayo sikuletewa.

5. Sufuria. Siku unaondoka ulipitisha kidole chini ya sufuria kubwa, ukanionyesha masizi, ukasema, "Bibi, hii nayo ni kaboni, huenda humu imo mirija kama yangu." Kisha ukabeba begi. Tangu siku hiyo sufuria haijasuguliwa. Mali ya maabara nitaisugua vipi? Imetundikwa msumarini, nyeusi tii, na shangazi yako akiisogelea na waya wa kusugulia nagonga meza kwa bisibisi. Watu saba tunapikia kisufuria cha maziwa, kwa zamu mbili, na mjomba wako zamu yake inamkuta amelala. Kwa hiyo maabara yenu nzima ije hapa na darubini zake. Wahesabu mirija yao, waichukue mmoja mmoja na risiti, watuachie chombo chetu.

Kwa sababu hizo tano nakuagiza uache kazi hiyo, urudi ushike bisibisi yenye mpini unaoshikika. Nakala mpelekee mkuu wako. Mwambie simchukii, ila amekaa na mtoto wa watu muda mrefu, na cha kunionyesha hana.

Wasalimie wote wa chumba hicho, na yule mwenzako anayekula mezani pa kompyuta mwambie nimesikia. Hapa tu wazima, paka anakusalimu kutoka kitini kwako.

Mimi mwenye ruhusa ya kukufinya mpaka leo,
Bibi yako, Fundi Cherehani.

NYONGEZA: Mama yako alikuwa ameshafunga bahasha, nimemwamuru aifungue. Usiache kazi. Meza nilimpa shangazi yako tangu mwezi uliopita, na ingawa mkono wake mzito, anasikiliza mashine.

Halafu hayo meno yanayoteleza nimeyafikiria. Cherehani iliyokaa muda huikanyagi kwa pupa. Unalianza gurudumu kwa mkono, taratibu, mpaka meno yajuane, ndipo unaongeza mwendo kidogo kidogo. Jaribu hivyo huko kwenye kompyuta. Ikizunguka usimwambie mtu kwamba ni mimi, isipokuwa fundi suti.

Na masizi nayajua ni masizi, nimeyasugua maisha yangu yote. Lakini pale ulipopitisha kidole pamebaki mstari wako, na kila nikiwasha jiko nauona. Kwa hiyo ukija, pitia jikoni kabla hujakaa, uisugue hiyo sufuria wewe mwenyewe. Mwenye kidole akiwepo, mstari wa nini? Waya uko nyuma ya mlango.