Seli za Shavu Langu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Siku ya tisa bila Apolonia. Mke wangu yuko kwa binti yetu Levina, mtaa wa Viwanja Sitini, eti kwa sababu nilimsahihisha mara tatu akisoma Injili kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisa. Gasper, mwenyekiti wa jumuiya, amepita asubuhi. "Mwalimu, si umwombe radhi tu yaishe?" Niombe radhi! Mimi, niliyeshika chaki miaka thelathini na minane!

Levina anafanya kazi maabara. Anasema wana rangi inayoingia ndani ya seli ikiwa hai. Ikikutana na kemikali kali za oksijeni, ambazo huzidi seli inapotaabika, hung'aa kijani kwenye hadubini. Nimepata mpango. Seli zangu zitasema. Mimi nitanyamaza.

Jumatano, 4 Juni
Nimekwangua shavu kwa ndani kwa kijiko, nikatia seli katika chupa ya spiriti zisioze, nikaipeleka maabara. Levina amecheka hadi akaegemea mlango. "Baba, umeziua zote! Rangi hii inataka seli zilizo hai." Aibu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwenda mwenyewe, na shavu langu. Levina amekwangua, akatia rangi, akafunika, akanionya kwamba mwanga huififisha. Nimechungulia mara mbili. Imefifia. Tumeanza upya. Kijani! Kijani tele! Nimemwagiza ampelekee mama yake picha, aone ninavyotaabika. Amesema kwa upole kwamba huenda ni ugoro ninaoweka shavuni. Nimemkataza kuutaja ugoro.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Apolonia ameingia na begi, picha mkononi. "Baba Levina, kijani hiki ni ugoro. Nakujua." Nimetazama sakafu. Kisha akaiona sahani yake mezani, ile ninayomwandalia kila siku, na kando yake ugali wangu, nusu umeungua, nusu mbichi. "Ungesema tu nisamehe, mtu mzima wewe." Akawasha moto. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Jumuiya ilikuwa kwetu. Apolonia amesoma. Nimemsahihisha mara moja tu! Gasper akakohoa. Sikubabaika: picha nilikwisha kuitundika ukutani, ndani ya fremu. Nikainyooshea kidole.

Apolonia yuko chumbani, anapanga nguo kwenye begi. Sahani yake nimeiosha, nimeirudisha mezani. Kesho nitamwomba Levina akwangue shavu la pili.