Tarumbeta ya Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Kambi ya jeshi inaandikisha vijana! Nimesikia kwa kinyozi, mkasi ukiwa karibu na sikio, nikaruka. Sikio limenusurika. Kichwa kimebaki nusu shamba nusu pori, kwa sababu sikungoja amalize.

Najiunga. Nimeshaamua. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimezaliwa katika nyumba za askari, nimekulia nyuma ya bohari ya magodoro, na marehemu baba ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kambi nzima. Tulipomzika tukatakiwa kuhama. Tangu hapo tuko huku mtaani, mimi na mama, na jioni huku inaingia tu kimyakimya, kama mgeni asiyebisha hodi. Mpaka leo sijaizoea.

Kule jioni ilipigiwa tarumbeta, bwana! Saa kumi na mbili baba anapanda kwenye kibaraza cha ofisi kuu, bendera inashuka, na kila mtu anasimama pale alipo. Askari, mpishi, mama mwenye ndoo kichwani, sisi watoto na mpira wetu. Mlio wa mwisho baba aliuvuta mpaka ukadhani jua linamsubiri yeye. Natamani kuusikia tena hata mara moja. Nikiusikia nitakuwa nimerudi nyumbani.

Kikwazo ni kimoja. Pumu. Lakini ilikuwa ya utotoni! Siku hizi inanishika mara mojamoja tu. Kwenye vumbi. Na baridi. Na nikicheka sana.

Jumanne, 4 Juni

Mama amekataa. Hakusimamisha hata cherehani. Amesema hakunifukiza mvuke utoto mzima ili nikakate roho kwenye mchakamchaka. Nikamwambia jeshini wanatibu bure. Akaniuliza kama hiyo ndiyo akili yangu yote au nyingine nimeiacha kwa kinyozi.

Kibaya zaidi, Jenereta naye anajiandikisha. Huyu ni mtoto wa shangazi. Tunamwita hivyo kwa kuwa kifua chake hakijui kuzima. Anapanda ngazi akiimba. Alikuwa akija kwetu kambini likizo, na kila tukishindana mbio anatangulia, kisha anageuka kuniangalia. Dharau tupu!

Alhamisi, 6 Juni

Mpango umekamilika. Nimeshangaa mwenyewe.

Mtihani mgumu ni mbio za kuzunguka uwanja. Wanaowahi kufika wanakimbia asubuhi, wanaochelewa wanasukumwa mpaka jioni. Basi nitachelewa! Kifua kikianza kubana, saa kumi na mbili itakuwa imefika. Tarumbeta italia. Wote watasimama. Wao watadhani ni heshima, kumbe mimi napumua. Kwa ule mlio mrefu wa mwisho hata kikongwe angepata nguvu za kuoa tena.

Pampu yangu ya pumu nitaificha kwenye soksi ya kushoto. Jenereta sijamwambia neno. Ila leo nimemkuta dirishani akinong'onezana na mama. Waliponiona wakaanza kusifia kitambaa.

Ijumaa, 7 Juni

Siku yenyewe.

Nilifika jua limeshapanda. Nani amekaa pale ukutani? Jenereta! Nimeambiwa alifika alfajiri, lakini kila akiitwa anawapisha wengine. Akasema hapendi kukimbia bila mtu anayemjua. Mwongo! Amenusa mpango wangu.

Kambi inanukia vilevile: dawa ya viatu na majani yaliyokatwa. Nyumba yetu ipo. Mlango wameupaka rangi nyingine, na kambani zimeanikwa nguo za mtoto mchanga wa watu. Nikapangusa macho. Jenereta akauliza kuna nini. Nikasema vumbi.

Daktari, mama wa miwani, akauliza kama nimewahi kubanwa na kifua. Nikasema ni mapenzi tu. Hakucheka. Akanisikiliza mgongoni, akakunja uso, akanisikiliza tena, akaniachia.

Jioni tukaanza mbio. Mzunguko wa kwanza, safi. Jenereta yuko nyuma yangu makusudi, ananipumulia kisogoni. Wa pili, kifua kikaanza manung'uniko. Wa tatu nikaona nyota mchana. Nikamwomba Mungu aisukume saa.

Ikalia! Jamani, tarumbeta ikalia! Nywele zilisimama kabla yangu. Nikanyooka, mikono ubavuni, kidevu juu. Sajini akawafokea wengine wasiojua, nao wakaganda. Nikafumba macho. Nikausubiri mlio wa baba.

Haukuja. Tarumbeta ilikatika tu, kwisha habari yake. Wenzangu wakatimka. Mimi nimesimama. Nilidhani mpigaji anavuta pumzi, nikamngoja kwa adabu. Sajini akaja kuniuliza kama nimepigiliwa misumari. Nikafungua mdomo nimjibu, kifua kikajibu kabla yangu: fiii, fiii. Nikapiga magoti.

Jenereta alikuwa ameshafika upande wa pili wa uwanja. Akaacha mbio, akakatiza katikati, akaichomoa pampu kwenye soksi yangu bila kuuliza iko wapi, akaniwekea mdomoni. Kujipendekeza gani kule! Na kumemlipa. Sajini amesema anayemrudia mwenzake ndiye wanayemtafuta. Amechukuliwa. Mimi daktari amenishika bega, amesema nisirudi tena pale, kwa usalama wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Mama hakunifokea. Heri angenifokea.

Nikalalamika kitandani. Nikasema wapiga tarumbeta wa siku hizi hawana mapafu, mlio wa mwisho haukufika hata kwenye geti. Cherehani ikanyamaza.

Mama akasema mlio ule ndivyo ulivyo, mfupi. Siku zote ulikuwa mfupi. Ni baba peke yake aliyeuvuta, na wakubwa wake walimkaripia kwa hilo, naye hakuacha. Nikauliza sasa alikuwa anauvuta wa nini.

Akasema pale kibarazani baba aliuona uwanja wote. Alikuwa akiniona nimekimbiza mpira, nimeinama, nimeshika magoti. Basi hakuuachia mlio mpaka aone mabega yangu yametulia. Alijua ukikatika tu nitakimbia tena.

Kisha akaniambia ninywe chai, inapoa. Sikuweza. Nimelia mpaka mto umelowa, na humu chumbani hakuna vumbi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa kinyozi kumalizia upande wa pili. Jenereta alikuja kuaga, akaniachia viatu vyake vya mbio, eti huko atapewa vingine. Majivuno!

Saa kumi na mbili nilisimama uani, mikono ubavuni. Nilipogeuka nikamkuta mama amesimama mlangoni, vibanio mdomoni, naye amenyooka vilevile. Hakuna aliyepiga kitu. Tulisimama muda mrefu, mpaka mabega yangu yakatulia.

Nimetafakari sana maneno yake. Fundisho liko wazi. Kosa halikuwa kifua, kosa lilikuwa tarumbeta fupi. Natakiwa kutafuta kazi yenye mlio mrefu. Na kinyozi ameniambia zimamoto wanaandikisha mwezi ujao. Zimamoto! King'ora chao hakikatiki mpaka moto uzimike! Moshi upo, sikatai, lakini ni wa mara mojamoja tu.

Pampu nitaificha kwenye soksi ya kulia. Ya kushoto imeshajulikana.